Babu alifariki bila ubatizo, wajukuu wanauliza yuko wapi

Mama mmoja wa Rhotia, wilayani Karatu, ameniandikia ujumbe mrefu. Baba mkwe wake amefariki akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Alikuwa na wake wawili, na kwa sababu hiyo hakuwahi kubatizwa. Aliambiwa amwache mmoja, naye akajibu kwamba hawezi kumfukuza mama wa watoto wake uzeeni. Hata hivyo, Jumapili alikuwa anakaa benchi la nyuma kanisani, na siku za ujenzi wa kanisa alitoa dume la ng'ombe.

Siku zake za mwisho, mzee akiwa hajitambui, mwanawe mmoja alichukua kikombe cha maji ili ambatize. Mwingine akamshika mkono. Mzee akafa hivyo hivyo, na ndugu hao hadi leo hawasalimiani vizuri. Juzi mjukuu amerudi kutoka shule ya Jumapili na kumuuliza bibi yake kama babu yuko motoni. "Naomba unijibu," anaandika mama huyu, "mtu asiyebatizwa hawezi kabisa kuokoka?"

Pole sana mama kwa msiba. Nimeona nikujibu hapa ukurasani kwa sababu najua hauko peke yako. Huku kwetu Karatu na Ngorongoro, unaweza kuingia nyumba moja ukakuta bibi Mkatoliki, mtoto Mlutheri, mkwe wa Kipentekoste, na mzee ambaye maisha yake yote alimwomba Looaa kama alivyofundishwa na wazee wake wa Kiiraqw. Ukipanda kwa Wamasai utasikia Enkai, kwa Wadatoga Aseeta. Kwa hiyo swali la ubatizo kwetu halibaki darasani kwa mwalimu wa dini. Linakuja msibani, wakati watu wana machungu, na likijibiwa vibaya linavunja ukoo.

Maandiko yanasemaje

Tuanze pale ambapo Wakristo wote wanaanzia. Katika Yohana sura ya 3, Yesu anamweleza Nikodemo kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hataingia katika ufalme wa Mungu. Mwishoni mwa Injili ya Mathayo anawatuma wanafunzi wake wakabatize mataifa yote. Siku ya Pentekoste, watu walipouliza wafanye nini, Petro aliwaambia watubu na wabatizwe. Anayesema ubatizo ni pambo tu la ibada hana pa kusimamia.

Lakini Biblia ni hiyo hiyo inayotusimulia, katika Luka 23, habari za mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Aliahidiwa peponi siku ile ile, na hakuna aliyemshusha msalabani ili akabatizwe kwanza. Katika Matendo sura ya 10, Roho Mtakatifu anamshukia Kornelio na watu wa nyumbani mwake kabla ya tone la maji kuwagusa. Soma pia Marko 16:16 polepole. Nusu ya kwanza inataja kuamini na kubatizwa. Nusu ya pili, inayohusu hukumu, inataja kutoamini peke yake.

Angalia vilevile alichofanya Petro nyumbani kwa Kornelio. Hakusema kwamba kwa kuwa Roho ameshakuja maji hayahitajiki tena. Aliagiza wabatizwe. Basi mambo mawili yanasimama pamoja: ubatizo umeamriwa, na Mungu anaweza kufika kabla yake.

Makanisa yanafundisha nini

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu kwa wale waliohubiriwa Injili na waliokuwa na nafasi ya kuuomba. Katekisimu yake ya mwaka 1992 inaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia mafundishoni: Mungu ameuweka wokovu katika sakramenti hiyo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Ndiyo maana Kanisa hilo huzungumzia ubatizo wa tamaa, kwa mtu aliyeutamani akafa kabla ya kuupata, na ubatizo wa damu, kwa aliyeuawa kwa ajili ya imani akiwa bado hajabatizwa.

Mfano uko hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya Wafiadini 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, yumo Mukasa Kiriwawanvu. Aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 akiwa bado mkatekumeni. Maji ya ubatizo hayakuwahi kumfikia, na leo Wakatoliki wanamwomba awaombee.

Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, wanasema pia kwamba ubatizo ni wa lazima na watoto wabatizwe. Lakini mwaka 1542 Martin Luther mwenyewe aliandika maneno ya kuwafariji akina mama waliopoteza mimba au watoto kabla ya ubatizo. Aliwaambia kwamba Mungu husikia kilio na shauku ya mama kama sala, na kwamba wasidhani mtoto wao amehukumiwa.

Wapentekoste wengi na Wabaptisti wanafundisha kwamba mtu huokolewa kwa imani, na ubatizo wa maji mengi hufuata kama utii na ushuhuda. Jeshi la Wokovu, lililoingia Tanganyika mwaka 1933, halibatizi kwa maji kabisa. Ndivyo walivyo pia Marafiki, wale Waquaker waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Yapo pia makanisa yanayoshikilia kwamba bila kuzamishwa majini hakuna wokovu, na waumini wake wana haki ya kueleza kwa nini.

Hofu ya yule mjukuu nayo ina historia. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, alifundisha kwa ukali kuhusu watoto wanaokufa bila ubatizo. Baadaye walimu wa Kanisa wakapunguza ukali huo kwa kuzungumzia mahali paitwapo limbo, pasipo na mateso wala furaha ya kumwona Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, inayoishauri Vatikani, ilitoa waraka unaoeleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Ilisema ni tumaini, si jambo la kudai kwa uhakika. Lakini imepita miaka mingi tangu waraka huo utoke, na bado katika vigango na mitaa yetu kuna mama anayeogopa kulitaja jina la mtoto wake aliyezaliwa akafa.

Ukiyajumlisha mafundisho haya ya Wakatoliki na Walutheri, unapata kanuni moja ambayo wanateolojia wameisema tangu zamani: kinachomhukumu mtu ni kuudharau ubatizo, si kuukosa.

Mzee aliyekataa watu wake wagawanywe

Kuna kisa cha Loliondo, wilayani Ngorongoro, ambacho kila familia ya huku ingefaa kukijua. Mwaka 1966, padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alimwandikia askofu wake barua. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, lakini hakukuwa na Wamasai watu wazima walio Wakristo. Akaomba ruhusa aende kwenye maboma azungumze nao habari za Mungu, basi, bila kuahidi kitu kingine. Alisimulia yaliyotokea katika kitabu alichokitoa mwaka 1978.

Baada ya kufundisha karibu mwaka mzima katika jamii moja, padre alianza kuchambua watu. Huyu abatizwe, amehudhuria vizuri. Yule asubiri, alikuwa machungani. Huyu mwingine haelewi sawasawa. Mzee wao, Ndangoya, akamsimamisha. Kwa maana yake, alimwambia padre aache kuwagawanya. Ni kweli wamo wavivu, lakini waliojituma wamewasaidia. Wamo wazito wa kuelewa, lakini wenye akili wamewaelekeza. Wenye imani ndogo wamebebwa na wenye imani kubwa. Yeye kama mzee anaweza kusema kwa niaba ya wote kwamba wanaamini. Padre akakubali, wakabatizwa wote.

Sikisimulii kisa hiki ili kusema kwamba imani ya mtu mmoja inatosha kwa ukoo mzima. Kila mtu atasimama mbele za Mungu na moyo wake. Lakini Ndangoya alikuwa anasema jambo ambalo mwandishi wa Matendo naye alilijua, alipoeleza katika sura ya 16 jinsi mlinzi wa gereza la Filipi alivyobatizwa na nyumba yake yote. Watu wanafika kwa Mungu wakiwa wameshikana mikono. Mzee aliyetoa dume la kujengea kanisa, akawaacha watoto wake wabatizwe na akakaa nyuma yao kila Jumapili, hakuwa mtu wa kudharau. Alikuwa ameshikwa kati ya mlango wa kanisa na haki ya mke wa pili.

Kwa hiyo, mama, mjukuu mjibu hivi: "Hakuna mwanadamu aliyepewa kazi ya kumpeleka babu yako motoni. Babu alimpenda Mungu kwa kadiri alivyomjua, na Mungu anamjua babu kuliko sisi. Tunamwombea na tunamtumaini Mungu." Usimwambie kwamba ubatizo si kitu, maana keshokutwa utamtaka naye aende mafundisho. Nenda pia ukazungumze kwa upole na mwalimu wake wa shule ya Jumapili. Watoto wanayabeba maneno hayo hadi kitandani.

Mambo ya kufanya wangali hai

Kwa familia nyingine ambazo bado zina nafasi, nina mambo manne.

La kwanza ni mtoto mchanga aliye hatarini. Kwa Wakatoliki na Walutheri, padre au mchungaji akiwa mbali, Mkristo yeyote anaweza kubatiza, awe nesi, mkunga au baba wa mtoto. Kwa Wakatoliki hata asiye Mkristo anaweza, mradi akusudie kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Unammwagia mtoto maji kichwani ukitamka kwamba unambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha mnatoa taarifa parokiani au usharikani ili jina liandikwe. Anayeishi mbali na barabara ajifunze hili mapema.

La pili ni mzee anayeugua. Sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu mtu mzima aliye katika hatari ya kufa abatizwe akiwa na ujuzi kidogo tu wa imani, lakini ni lazima awe ameonyesha kwa namna fulani kwamba anataka. Hapo wale ndugu wawili wa Rhotia kila mmoja alikuwa na neno. Aliyeshika kikombe alijua baba yao alilipenda kanisa. Aliyemzuia alijua ubatizo haumwagwi kwa siri juu ya mtu asiyejitambua ambaye hajasema anautaka. Wapatanishwe, hakuna aliyemkosea baba. Ninyi wengine muulizeni mzee wakati bado anakunywa uji mwenyewe, na jibu lake liheshimiwe, likiwa ndiyo au hapana.

La tatu ni wake wengi. Msiishie kwenye jibu la miaka 40 iliyopita, nendeni mkaulize upya. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 bado inataka mume abaki na mke mmoja anapobatizwa, lakini inaruhusu asiwe lazima yule wa kwanza ikiwa kuendelea naye ni kugumu, na inaagiza wanaoachwa watunzwe kwa haki. Waanglikana, katika mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa mwaka 1988, walikubali mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake zake na watoto waaminio, kwa ahadi kwamba hataongeza mke mwingine maadamu hao wako hai. Nao wake wasisahaulike, kwa kuwa mara nyingi hakuna aliyewauliza wao wanataka nini.

La nne ni mazishi. Katika Kanisa Katoliki mkatekumeni anahesabiwa kama muumini linapokuja suala la maziko. Mtoto ambaye wazazi walikusudia abatizwe akafa kabla, askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa. Kabla ya kugombana na katekista mbele ya waombolezaji, ulizeni kwa utaratibu kama jina la marehemu liliwahi kuandikwa kwenye daftari la mafundisho.

Na kama wewe unayesoma ndiye unayeahirisha kila mwaka kwa sababu ya mavuno, ada za shule au aibu ya kukaa darasani na watoto, basi kwako ujumbe ni tofauti na ule wa marehemu. Yeye alikosa njia, wewe njia unayo. Jumapili hii baada ya ibada, mtafute katekista au mzee wa kanisa mwambie unataka kuanza.