Daraja la tonado hupima nyumba kuliko upepo

MNUNUZI wa kahawa hakubali daraja kabla ya kujua limepatikanaje. Huuliza ukubwa wa punje, huonja, ndipo hutaja bei. Huko Marekani liko daraja jingine linalotajwa kila mwaka katika bima, mikopo ya nyumba na ujenzi, ambalo wengi hulipokea bila swali hata moja. Hilo ni daraja la tonado, yaani upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka winguni hadi ardhini, ambao kwa umbo unafanana na chamchela lakini kwa nguvu hakuna ulinganisho.

Maoni ya safu hii ni kwamba daraja hilo hueleza zaidi habari za nyumba kuliko za upepo, na anayelitumia katika hesabu zake bila kulijua hilo anajitafutia hasara.

Asili ya vipimo hivyo ni Profesa Tetsuya Theodore Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1971 alitoa madaraja kuanzia F0 hadi F5. Sababu yake ilikuwa ya msingi. Ni nadra tonado kupita penye chombo cha kupima upepo, na kikipitiwa mara nyingi huvunjika. Kwa hiyo wakaguzi hufika baada ya tukio, hutazama kilichobomoka, kisha hukadiria kasi ya upepo.

Tarehe 1 Februari 2007 Marekani ilianza kutumia vipimo vilivyorekebishwa, EF. Humo mna aina 28 za vitu vya kukaguliwa, zikiwemo nyumba za kuishi, shule, maduka, minara na miti. Daraja la EF2 ni upepo wa kilometa 178 hadi 217 kwa saa, na EF5 ni zaidi ya kilometa 322 kwa saa.

Tuangalie sasa mizani yenyewe. Nyumba ya kawaida ikifagiliwa yote ukabaki msingi mtupu, kadirio la kawaida ni kilometa 322 kwa saa. Lakini kama ilijengwa vibaya, mkaguzi anaruhusiwa kushuka hadi 266, na kama ilijengwa vizuri sana anaweza kupanda hadi 354. Yaani msingi mtupu ule ule unaweza kuwa EF3 au EF5, kutegemea misumari na boliti za fundi.

Kwa upande wa nyumba nyepesi za kuhamishika, ambazo hukaliwa zaidi na watu wa kipato cha chini, kuangamia kabisa hukadiriwa kwa kawaida kilometa 204 kwa saa tu, yaani EF2. Mtaa mzima wa nyumba hizo unaweza kufutika na bado daraja likasomeka la katikati.

Aidha, pasipo na jengo daraja hukosa cha kushika. Tarehe 31 Mei 2013 tonado yenye upana wa kilometa 4.2 ilipita karibu na El Reno, Oklahoma, na kuua watu wanane. Rada za kwenye magari zilipima upepo wa zaidi ya kilometa 470 kwa saa. Hata hivyo, kwa kuwa ilipita zaidi mashambani, daraja lake rasmi likabaki EF3.

Hali kadhalika, tangu ile ya Moore, Oklahoma, ya tarehe 20 Mei 2013, ilipita zaidi ya miaka 12 bila EF5 nyingine. Iliyofuata ilipiga Enderlin, North Dakota, tarehe 20 Juni 2025, na daraja lake lilitangazwa Oktoba mwaka huo baada ya wataalamu kuchunguza mabehewa ya treni yaliyopinduliwa na kurushwa. Ushahidi ulitoka relini. Anayesema kwamba katika miaka hiyo 12 pepo kali zilikoma anasoma hesabu ya majengo akidhani ni hesabu ya upepo.

Hatusemi vipimo hivi vitupwe. Bila hivyo tusingekuwa na njia ya kulinganisha tonado za miaka ya nyuma na za leo. Tunachosema ni kwamba daraja litangazwe pamoja na aina ya jengo lililolitoa, na pale rada ilipopima, kasi hiyo iwekwe kando yake.

Kwa mwenye mtaji, somo kubwa liko Moore. Mji huo ulipigwa na tonado za daraja la juu kabisa mwaka 1999 na mwaka 2013. Mwaka 2014 ukapitisha kanuni kwamba nyumba mpya zihimili upepo wa kilometa 217 kwa saa. Kiwango hicho ndicho mwisho wa EF2, na tonado nyingi mno hazivuki hapo.

Moore haikungoja kujua tonado ijayo itakuwa ya daraja gani. Iliuliza paa limefungwaje kwenye ukuta, na ukuta kwenye msingi. Benki na makampuni ya bima yaulize hivyo hivyo kabla ya kuweka sahihi, kwa maana daraja hutolewa baada ya nyumba kuanguka.