Jibu Lisikike, na Swali Lisikike

Darsa za misikiti yetu hapa Korogwe sasa hurekodiwa kwa simu na kupelekwa majumbani, hadi kwa ndugu walio katika mashamba ya mkonge. Ni kheri kubwa. Lakini mara nyingi sauti ya sheikh huvuma, na ya muulizaji, hasa mama aliye nyuma ya pazia, haisikiki. Msikilizaji hubaki na jibu lisilo na swali.

Hapo pana hatari. Anayesikia kwamba jambo linajuzu, bila kujua kuwa muulizaji ni mgonjwa au msafiri, huenda akajichukulia rukhsa isiyo yake.

Chanzo ni umbali. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Basi tunanasihi kipaza sauti kiwe karibu shibiri moja na mdomo, na kingine kiwekwe upande wa akina mama. Kikiwa kimoja tu, sheikh alikariri swali kabla ya kujibu. Kiwango kipimwe mapema kwa sauti ya juu kabisa ya msemaji, kwani sauti iliyopasuka ni vigumu kuitengeneza, ilhali iliyo ndogo kiasi hupandishwa baadaye kwa programu ya bure kama Audacity.

Katika Surat Al-Israa, aya ya 110, tumeelekezwa njia ya kati baina ya kupaza sauti na kuififiza katika swala. Adabu hiyo yatufaa na hapa. Elimu ni amana. Na ifike kamili.

Wallahu a'lam.