Mupango wa bonde uanzie kwa wenye kulima kule juu



Wataalamu wakikuja kupanga kazi ya kuzuia mmomonyoko, wanakuja na ramani. Ramani ni nzuri, inaonyesha mito, barabara na urefu wa milima. Lakini haisemi ni chemchemi gani inakauka mwezi wa 8, wala ni nani anakodi lile shamba lenye kubomoka kila masika. Hayo ni sisi tunayajua. Maoni yangu: koperative isitie sahihi kwenye mupango wowote wa bonde mpaka hayo yaandikwe, na daftari moja ibakie kwetu.

Tukisema bonde, ni milima yote yenye kumwaga maji katika mto mumoja. Maji hayajui mpaka wa kijiji wala wa sheferi. Tarehe 4/5/2023, kule Kalehe, mito iliteremka na mawe na miti ikafagia Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Nyumba zilikuwa chini, maji yalitoka juu. Kamati ya kijiji cha chini, hata ikiwa na bidii namna gani, haiwezi kupanga peke yake.

Sasa habari gani tuandike? Mvua kwanza. Milimeta 1 ya mvua ni litre 1 juu ya kila meta mraba. Mvua ya milimeta 50 juu ya hekta moja ni litre 500.000, ni kusema bidoni 25.000 za litre 20. Mutu akisikia hesabu hiyo, anaelewa kwa nini mutaro mumoja wa kando ya njia hautoshi. Kipimo cha mvua hakihitaji pesa nyingi: chombo chenye kuta zilizonyooka, rula, na mutu mwenye kuandika kila asubuhi bila kuruka siku.

Kisha chemchemi. Weka bidoni ya litre 20 chini ya mufereji, angalia saa. Ikijaa kwa sekonde 40, ni nusu litre kwa sekonde. Rudia kila mwezi. Na hapa tuulize wamama na watoto, kwani ni wao wanapanga mustari pale kwenye maji, siyo wazee wenye kukaa mbele kwenye mukutano.

Lakini habari yenye kukosekana kila mara ni ile ya udongo: nani iko na haki gani juu ya lile shamba? Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na kule kwetu Bushi desturi inaendelea na yake. Mwenye kalinzi anaweza kupanda miti, anajua watoto wake watakata. Mwenye bwasa analima musimu tu. Mumuombe achimbe mitaro na kupanda setaria kwenye shamba ambalo mwaka ujao linaweza kupewa mwingine! Atawaitikia kwenye mukutano, halafu jembe halitagusa chini. Wengi wanasema huyo ni muvivu. Mimi naona anajua hesabu yake vizuri kabisa. Mupango usioandika bwasa ziko ngapi kwenye mulima, na usioita wenye udongo wakae pamoja na wenye kukodi, utabakia kwenye karatasi.

Kuna wanamemba wenye kuogopa: tukiandika majina, watatutoza kodi, ao wakubwa watakuja kuchukua udongo. Woga huo uko na sababu, tusiucheke. Njo maana ninasema daftari ya majina ikae kwa koperative, na projet ipewe hesabu tu: hekta ngapi zinakodiwa, mashamba mangapi yako kwenye muteremko mukali bila mitaro, korongo ziko wapi na zimeongezeka urefu kiasi gani.

Mwezi wa 7 na wa 8 chemchemi ziko chini kabisa na njia za mulimani zinapitika. Masika inarudi mwezi wa 9. Kila koperative ichague watu wanne, wawili wa juu na wawili wa chini, wamama wawili kati yao, wapande mulima mbele ya mvua.