Aliyelewa ni dereva, si gari

Jumamosi na Jumapili asubuhi, mkazi wa Kisugu anayeshuka kuelekea barabara ya Ggaba hawezi kukosa kusikia habari ya mtu aliyelala ndani. Fulani kakamatwa usiku, kapuliza kipimo, kimemkataa. Mke yuko njiani na uji kwenye chupa ya chai, kaka anapiga simu huku na huku, na gari limelazwa katika ua wa polisi pamoja na mengine yaliyotangulia. Kati ya ndugu hawa na gari lao hujitokeza watu wasio na sare wala kitambulisho, wanaosema wanamjua mkubwa fulani na kwamba mambo yakifanywa kiutu uzima gari litatoka kabla ya saa sita mchana.

Tunaandika leo kuhusu hao watu wa kiutu uzima. Lakini kwanza msimamo wetu ueleweke, tusije tukadhaniwa tunawatetea walevi. Kwa mujibu wa takwimu za Polisi ya Uganda, watu 4,806 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2023, na mwaka 2024 idadi ilipanda hadi 5,144. Hiyo ni wastani wa watu 14 kila siku. Si wote waliouawa na pombe, mwendo wa kasi na uzembe vina sehemu yao kubwa, ila hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelalamika kwamba polisi wanasimama barabarani usiku na kipimo cha pumzi. Operesheni hiyo wananchi wanaijua kwa jina la Kiganda, Kawunyemu, lenye maana ya kunusa, na mahali pake hasa ni sehemu kama zetu. Kisugu inapakana na Kabalagala, na ukiacha ile kabalagala ya ndizi na mhogo tunayowanunulia watoto, jina hilo linajulikana hadi ng'ambo ya mipaka kwa baa zisizolala.

Wala asijitokeze mtu aliyerejea nyumbani akasema alizoea sheria nyingine. Kiwango cha miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu ni kilekile Uganda, Kenya na Tanzania. Pombe si chai Arusha, si chai Eldoret, na si chai hapa.

Suala letu ni gari. Sheria inamwadhibu dereva aliyelewa. Ushahidi wa kosa lake ni kipimo cha pumzi au cha damu, pamoja na maelezo ya askari aliyemsimamisha. Gari lenyewe halina harufu ya kupelekwa mbele ya hakimu. Kulipeleka kituoni usiku ule ni jambo la busara, kwa sababu haliwezi kuachwa katikati ya barabara na mwenye kuliendesha hafai kuliendesha. Lakini asubuhi, mwenye gari anapofika akiwa hajalewa, na leseni yake mkononi, na karatasi zote za gari, sababu ya kuendelea kulishikilia inakuwa nyembamba sana. Hapo ndipo biashara huanza. Kila saa gari linapokaa uani bila maelezo ya maandishi, bei ya yule msaidizi wa nje ya lango inapanda.

Ikiwa pametokea ajali, na hasa kama kuna majeruhi au maiti, habari ni nyingine kabisa. Gari lazima likaguliwe na mkaguzi wa magari: breki, usukani, taa, matairi. Mahakama itataka kujua kama aliyeua ni ulevi au ni ubovu wa gari, na ukaguzi huo unaweza hata kumwokoa dereva. Katika hali hiyo mwenye gari asubiri ripoti, na anayemwahidi kulitoa kabla ya ripoti anamtumbukiza katika kosa la pili.

Tuchukue mfano ambao wasomaji wetu wa mipakani wataufahamu vizuri. Mama mmoja ana duka Elegu. Anatuma dereva wake na pikapu kuja Kampala kununua sabuni, sukari na mafuta ya kupikia Kikuubo. Mzigo unachelewa kupakiwa, dereva anaamua kulala Kisugu ambako vyumba vya kulala wageni ni rahisi, na saa tano za usiku anajiambia atateremka Kabalagala kwa chupa moja tu. Anateremka na pikapu, mzigo juu yake. Saa nane za usiku yeye yuko mahabusu na pikapu iko uani. Mama wa Elegu hakunywa. Sukari haikunywa. Sehemu ya mzigo ni ya mkopo wa mwenzake wa upande wa pili wa mpaka, anayeusubiri, na kama mvua itanyesha juu ya turubai lililochanika hakuna mtu atakayemlipa. Lakini mpaka mama huyo apande basi kutoka kaskazini na kufika Kampala, mtu wa nje ya lango ameshampigia simu mara tatu, kila mara na bei mpya.

Mama huyu afanye nini? Jibu linaanza kabla hajapanda basi. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kumtoa mtu na kutoa gari. Dhamana ya polisi nchini Uganda ni bure. Polisi wenyewe wanasema hivyo na hubandika tangazo hilo ukutani vituoni. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 23, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita kama hajaachiwa, na haikusema saa 48 za kazi, hivyo Jumapili inahesabiwa. Ibara hiyohiyo inataka mtu aambiwe sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa, na ndugu yake wa karibu ajulishwe akiomba. Kwa hiyo dereva asiyejua Kiingereza asitie saini karatasi asiyoielewa. Aombe asomewe kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na zaidi ya hayo ni lugha ambayo askari wetu wamekuwa wakiitumia kambini siku nyingi kabla wanasiasa hawajaikumbuka. Askari wa zamu akikuambia hakijui, jaribu kumuuliza bei ya nyama choma.

Penye ugumu hasa kwa ndugu zetu waliorejea ni wadhamini. Kituo kitataka mtu anayejulikana, mwenye kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIRA, na mara nyingi barua ya mwenyekiti wa LC1 wa mahali mnapoishi. Wengi wetu tulisomea Kenya na Tanzania, tukarudi na vyeti na Kiswahili kizuri, lakini bila jirani wa utotoni wa kutusimamia. Mtu anapanga Kisugu miaka mitatu, anamjua muuza rolex na mwenye nyumba, ila mwenyekiti wa LC1 hajawahi kumwona. Siku ya shida anakwenda kugonga mlango wake Jumapili asubuhi akiomba barua, na mwenyekiti naye, kwa haki kabisa, anauliza: wewe ni nani? Wengine majina ya kwenye cheti cha shule hayafanani na ya kwenye kitambulisho, kwa sababu ukimbizini watoto waliandikishwa kwa jina lililokuwa salama wakati huo. Hilo halirekebishwi kaunta ya polisi. Linarekebishwa mapema NIRA, kwa kiapo cha kisheria, na barua ya LC1 inatafutwa wakati wa amani, si mtu akiwa ndani.

Kuhusu gari, linalotakiwa ni uthibitisho kwamba ni lako au kwamba mwenye nalo amekutuma. Tatizo letu la kitaifa ni kununua gari kwa mkataba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, kisha kadi ya gari, ile tunayoiita logibuku, ikabaki na jina la mtu aliyeliuza miaka sita iliyopita. Wakati gari linatembea hakuna anayejali. Likilala polisi, kisheria wewe ni mgeni wake. Nenda na mkataba wa mauziano wa asili, nakala ya kitambulisho cha aliyekuuzia, na ikiwezekana yeye mwenyewe. Mama wa Elegu, ikiwa hawezi kufika, aandike barua ya kumpa mtu mamlaka, iliyoshuhudiwa na wakili au kamishna wa viapo, yenye namba ya gari, namba ya injini na jina la anayelichukua. Barua ya simu ya mkononi haitoshi, hata kama ina picha.

Wenye magari ya namba za Kenya, Rwanda au Tanzania wana mtihani wa ziada. Gari la kigeni liko Uganda kwa kibali cha muda cha forodha, na pia kwa bima inayovuka mpaka, kama ile Kadi ya Njano ya COMESA. Usidhani muda wa kibali unasimama kwa sababu gari limelala kituoni. Ukiona siku zinakaribia kwisha, andikia forodha ya URA kabla hazijaisha, ukiambatisha namba ya kumbukumbu ya polisi. Na hapa neno moja kwa waliokulia nje: aliyetoka Kenya atauliza namba ya OB, aliyetoka Tanzania ataomba RB, lakini hapa namba ya kitabu cha kituo inaitwa SD. Bila SD huna kesi, huna gari, na huna lalamiko. Iandike kwenye karatasi, usiitegemee simu ambayo chaji itaisha.

Na malipo. Faini hailipwi mkononi kwa askari uani wala kwa kijana wa nje ya lango. Fedha za serikali hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa URA, na risiti inatoka palepale. Noti inayopita mkononi na kukunjwa mara nne si malipo ya serikali, hata ikiitwa ada ya kuegesha. Kama gari lilivutwa na gari la kuvuta magari, muulize aliyelivuta kwa amri ya nani, umbali gani na kwa bei ipi, kisha dai risiti yenye jina.

Sasa tuwageukie wakubwa. Tunalitaka Jeshi la Polisi lifanye jambo ambalo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Dereva anapokutwa amelewa na ndani ya gari kuna mtu mwenye leseni ambaye hakunywa, au ndugu anaweza kufika kizuizini kwa muda mfupi, huyo apulize, na akiwa salama apewe gari palepale kwa saini. Ua utapata nafasi na askari watapunguziwa kazi ya ulinzi. Gari likilazimika kwenda kituoni, orodha ya vilivyomo iandikwe mbele ya dereva au shahidi: redio, tairi la akiba, jeki, betri, kiasi cha mafuta, mzigo. Nakala abaki nayo mwenye gari. Na sababu ya kulishikilia kupita asubuhi iandikwe, na jina la ofisa aliyeamua. Ofisa mwaminifu hatasumbuka na karatasi hiyo, nao wapo, tunawajua.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu wa aina hii unawalea walevi, na kwamba hofu ya kupoteza gari ndiyo inayowarudisha watu nyumbani mapema. Hatukubali. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilizibatilisha kanuni za Alcoblow kwa kasoro za kisheria, na hakuna aliyesema majaji wale walipenda ulevi. Adhabu isiyo na karatasi haimwogopeshi mwenye pesa. Yeye anapiga simu moja, gari linatoka kwa mlango wa nyuma, na Ijumaa inayofuata yuko barabarani tena. Anayebaki uani ni mama wa Elegu.

Aliyeombwa fedha anaweza kulalamika kwa Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha Polisi, au kwa ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali. Aende na SD, tarehe, saa, na jina la askari kama lilivyoandikwa kifuani. Lalamiko lisilo na tarehe ni porojo tu.

Siku ya kulichukua gari, nenda mchana. Nenda na mtu mwingine mwenye leseni. Zunguka gari lote na orodha yako mkononi, fungua boneti, tazama chini ya zulia la buti mahali pa tairi la akiba, washa injini, kisha ndipo urudi kaunta. Askari atakusogezea kitabu utie saini kwamba umepokea gari likiwa kamili. Kama betri siyo ile uliyoiacha, mwambie aiandike kwanza.