Mnataka Majoka, Maiti Atazika Nani?

Nakala ya A Feast for Crows niliyoisoma mimi haikuwa yangu peke yangu. Tuliinunua watu watano kwa kuchanga, kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandika bidhaa zake chini kando ya barabara pale Posta, Dar es Salaam. Jalada la nyuma lilikuwa limechanika na kurasa za mwanzo zilishapata mvua. Tukapeana zamu, kila mtu wiki mbili, na masharti yakawa mawili tu: usikunje ukurasa, na ukimaliza andika maoni yako kwenye karatasi tupu ya mwisho. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Kwa hiyo kabla sijasoma neno la kwanza la mwandishi, nilikwisha soma hukumu nne.

Wa kwanza, mshkaji mmoja fundi simu wa Kariakoo, kaandika: "Hamna kitu humu. Tyrion yuko wapi?" Wa pili, mwanafunzi wa sheria: "Jamaa kachemsha. Kitabu kizima watu wanatembea tu." Wa tatu, dada mmoja mwalimu wa sekondari: "Afadhali vya mwanzo, ila Cersei kanifurahisha." Wa nne hakuandika neno. Kachora kunguru amelala chali, miguu juu.

Basi wa tano ni mimi, na kwa kuwa karatasi ile imejaa, naomba nafasi katika jarida hili. Nasema hivi, na atakayenuna anune: hicho ndicho kitabu bora katika mfululizo ule wote, na wenzangu wamekionea.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mkasa wenyewe, nitaueleza haraka haraka. George R. R. Martin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1948, alianza mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire mwaka 1996 kwa kitabu A Game of Thrones. Cha pili kikatoka 1998, cha tatu mwaka 2000. Ni dunia ya kubuni. Koo kubwa kubwa za nchi iitwayo Westeros zinagombea Kiti cha Chuma; ng'ambo ya bahari binti mmoja wa kifalme, Daenerys, analea majoka matatu; kaskazini kabisa kijana Jon Snow analinda ukuta wa barafu. Kitabu cha tatu, A Storm of Swords, kilikuwa moto. Harusi inageuka machinjio, mfalme kijana anakufa kwa sumu kwenye karamu ya ndoa yake mwenyewe, na Tyrion, yule mbilikimo mwenye ulimi mkali, anamlenga baba yake mzazi mshale chooni. Ukikifunga kile, moyo bado unakwenda mbio.

Halafu ngoja miaka mitano. Mwaka 2005 cha nne kikatoka, watu wakakifungua kwa pupa. Tyrion hayumo. Daenerys hayumo, anatajwa tajwa tu kama uvumi wa mabaharia. Jon anapita katika sura ya rafiki yake Samwell kisha basi. Muswada ulikuwa umemzidi Martin urefu, akaukata vipande viwili, na hakuukata kwa wakati bali kwa watu na mahali: nusu ya wahusika hapa, nusu katika kitabu kitakachofuata. Mwishoni akaweka waraka mfupi kueleza hayo, akatumaini cha tano kingekuwa tayari mwaka uliofuata. Kilitoka Julai 2011.

Hapo sina utetezi. Mtu aliyekinunua kitabu kipya dukani kule Marekani mwaka 2005, akaambiwa "mwakani", akangojeshwa karibu miaka sita, ana haki ya kulalamika. Na cha sita mpaka ninapoandika haya hatujakitia machoni.

Lakini ninyi wenzangu! Sisi tulinunua cha nne siku ambayo cha tano kilikuwa palepale chini kwenye turubai, hatua mbili kutoka hapo, kimeegemea kamusi. Nani alikungojesha wewe? Mmenunua kitabu cha mtumba, mkapewa na hasira ya mtumba juu yake, mkaivaa bila hata kuijaribu kama inawatosha. Kosa la kalenda ya mwandishi mnalifanya kosa la kitabu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mwanafunzi wa sheria alipaswa kuwa wa kwanza kuyatenganisha.

Nao watetezi wa kitabu hiki wananiudhi vilevile. Mwaka 2009 Neil Gaiman, mwandishi mwenzake, alimjibu msomaji aliyekuwa akinung'unikia ucheleweshaji wa Martin, akasema kwa maneno makali kwamba mwandishi si mtumwa wa msomaji. Sawa, si mtumwa. Ila huko ni kumtetea mtu, kitabu chenyewe bado kimesimama kizimbani bila wakili. Wengine wamekwenda mbali zaidi: wamezipanga upya sura za kitabu cha nne na cha tano, wakazichanganya ziwe kitabu kimoja, ili usikae muda mrefu bila kumwona Tyrion au joka. Yaani dawa chungu inafichwa ndani ya andazi. Mimi sikubali kwamba hii ni dawa chungu. Hiki ni chakula.

Hebu tuangalie hiyo "hamna kitu humu". Jina lenyewe la kitabu linakuambia: ni karamu ya kunguru. Vita vimekwisha, au vimekwisha kwenye karatasi. Wafalme wengi wamekufa. Nani anakula sasa? Martin anamtuma mwanamke askari, Brienne, atembee katika nchi hiyo kumtafuta binti Sansa. Wenzangu wanacheka: msomaji anajua fika Sansa hayuko huko, yuko milimani kwingine, sasa safari ya nini? Jamani, safari si ya Sansa. Ni ya kukutembeza wewe. Mwandishi amekunyang'anya raha ya kubahatisha "atampata, hatampata" ili uangalie pembeni mwa barabara. Pembeni mwa barabara kuna nini? Mashamba yaliyochomwa. Watu wamening'inia mitini. Mji mdogo wa bandari, Saltpans, uliovamiwa na wahuni, na bwana wa ngome yake akafunga lango lake, akaacha raia wachinjwe nje. Katika vitabu vitatu vya mwanzo miji kama hiyo ilikuwa inatajwa kwa mstari mmoja, jeshi likapita, tukamfuata mfalme.

Njiani Brienne anakutana na mafukara wanaojiita shomoro. Wamebeba mifupa. Ni mifupa ya watumishi wao wa dini waliouawa vijijini, na wanaipeleka mji mkuu kwa miguu. Wakifika wanaimwaga mbele ya hekalu kubwa, palepale malkia Cersei anapopitia. Yeye anachoona ni uchafu na uvundo. Anataka uwanja ufagiliwe. Na kwa kuwa serikali yake inadaiwa na hekalu fedha nyingi, anafanya biashara na kiongozi mpya wa dini, mzee pekupeku aliyetokana na hao hao shomoro: deni lisamehewe, nao waruhusiwe kubeba silaha, jambo lililokuwa marufuku kwa miaka mingi. Anajiona mjanja kupindukia. Kitabu kinapoisha yuko chumba cha mawe, kafungwa na hao hao waliokuwa wananuka.

Sasa fundi simu, nakuuliza: hilo ni "hamna kitu"? Mkulima wa vitabu vitatu vya mwanzo anakufa tu kwenye ukingo wa ukurasa. Humu mkulima anamtia malkia ndani! Hakuna joka lililofanya hivyo. Dada mwalimu, umesema Cersei kakufurahisha, nami kanifurahisha pia kwa wazimu wake na divai yake, lakini huwezi kumpenda Cersei ukamdharau Brienne. Brienne ndiye anayekuonyesha mifupa ikiwa bado njiani.

Yamo makosa, sikatai. Sura za Dorne zinakokota, na yule askari mlinda mlango wanayetuonyeshea mambo kupitia macho yake ningependa apewe likizo. Kumwacha Brienne kitanzini mwishoni ni mchezo wa kitoto kwa mwandishi wa umri ule. Haya, basi.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Katikati ya kitabu yupo padri mmoja wa kijijini, Meribald. Anatembea peku, ana punda na mbwa, anagawa chakula kwa maskini. Kijana mmoja msafara mmoja naye anamwuliza kuhusu watoro wa vita waliogeuka kuwa wezi porini, na Meribald anajibu kwa maneno marefu. Siyanukuu, yatafuteni wenyewe. Anaeleza jinsi mtu wa kawaida, ambaye hajawahi kutoka kijijini, anavyokwenda vitani pamoja na ndugu zake kwa furaha ya nyimbo alizosikia, na jinsi anavyomomonyoka kidogo kidogo kwa njaa, ugonjwa na mauti ya wenzake, mpaka siku moja kitu kinakatika ndani yake. Viatu vikiisha anavua vya maiti. Mwishoni unafahamu kwamba padri anajisimulia mwenyewe.

Mwanafunzi wa sheria kakwaruza pembeni hapo kwa penseli: "hotuba ndefu".

Martin huyo, vita vya Vietnam vilipomfikia, alikataa kwenda kwa sababu ya dhamiri yake, akapewa kazi ya kujitolea Chicago toka 1972 mpaka 1974. Nadhani hotuba ile ilianza kuandikwa siku zile.

Mjomba wangu hakukataa. Alichukuliwa mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, akavuka kwenda Uganda akiwa na miaka ishirini. Kampala ilianguka Aprili 1979, naye akarudi baadaye. Utoto wangu wote wageni walikuwa wakimwomba asimulie: Amin alikimbiaje, mizinga ililiaje. Mjomba hakuwahi kusimulia mzinga hata mmoja. Alikuwa na hadithi moja tu, ya buti. Buti lake la kulia lilipasuka soli njiani, akalipata jingine kwa mtu ambaye hakulihitaji tena, na lilikuwa dogo, likamtoa kucha. Hapo anasimama. Wageni wanacheka kwa adabu, wanasubiri vita vianze. Havianzi. Mimi nami nilicheka hivyo kwa miaka mingi, na ninaona aibu kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kitabu cha nne hakina vita, najua anayesema ni mgeni yule yule sebuleni kwa mjomba, chai mkononi, anangoja mizinga.

Mnajua filamu ile ya televisheni ya HBO ilifanya nini? Ilipofika msimu wa tano, mwaka 2015, ilikipitia kitabu hiki kwa fagio la chelewa. Safari ya Brienne wakaibadilisha, Dorne wakaikata vibaya, na yule Meribald wa kitabuni hakupata nafasi. Mwaka 2016 wakamtengeneza mhubiri mwingine wa kufanana naye kidogo, kipindi kimoja, akanyongwa. Walibakisha majoka. Msimu wa mwisho, mwaka 2019, ulikuwa na vipindi sita tu, kila mtu anaruka kutoka pembe moja ya nchi mpaka nyingine kama ana mabawa, na mji mkuu ukateketezwa kwa moto huku raia wakikimbia, watu tusiowajua hata kwa sura. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi kwamba msimu huo utengenezwe upya. Fundi simu naye alitia saini, alinionyesha mwenyewe! Ndugu yangu, wewe si ndiye uliyesema watu wanatembea tu? Ulitaka mbio ukapewa mbio. Ungekuwa umetembea na Brienne, ungewajua waliokuwa wanaungua.

Zamu yangu ya wiki mbili ilipokuwa inakwisha nilikwenda na kitabu kwa mjomba. Shikamoo, marahaba, nikamwambia kuna padri nataka umsikie. Macho yake hayasomi tena vizuri, na Kiingereza hakukipenda tangu zamani, hivyo nikawa namsomea kwa Kiswahili changu cha papo kwa papo, nakwama, narudi nyuma. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya hata nikadhani amesinzia.

"Mjomba," akasema, "huyo padri mpaka leo anatembea peku?"

Nikamwambia ndiyo, amejipa adhabu, hajavaa kiatu miaka mingi.

Akauvuta mguu wake wa kulia ndani, chini ya kiti.

"Rudia hapo pa viatu," akasema.