Tusidharau Kazi ya Kurudiarudia

Wanafunzi wetu, wengi wenu huchoka na somo kabla mwezi haujaisha. Mtazameni Charles David Keeling, mkemia wa Marekani. Mwaka 1958 alianza kupima hewa ya ukaa mlimani Mauna Loa, Hawaii, akakuta sehemu 313 katika milioni. Akagundua kwamba kiwango hushuka mimea ya kaskazini inapostawi, maana majani huifyonza, kisha hupanda majani yanapooza. Mwaka 1964 fedha zikapungua, vipimo vikasimama kwa miezi. Baadaye wenye mafungu wakaiita kazi ya mazoea tu! Sisi twasema walikosea. Bila mazoea hayo, nani angejua kuwa mwaka 2013 kiwango kilifika 400? Keeling alifariki mwaka 2005. Mwanawe Ralph akaendelea kupima.