Alizeti imetuzunguka, sisi tunakariri magari

Haya jamani, leo nimekereka, acheni niseme.

Nimetoka kwenye kipindi cha usimamizi wa uzalishaji. Masaa mawili mazima ni Toyota, Toyota, Toyota. Sina ugomvi na Toyota, na yule Taiichi Ohno alikuwa kichwa kweli. Ila mimi nasoma Singida! Mashine za kukamua alizeti zipo hapa hapa mjini, na hatujawahi kupelekwa hata moja.

Halafu ile fomula ya kiasi cha kuagiza, ya Ford Harris, ya mwaka 1913, tunaikariri kama sala. Inachukulia kwamba matumizi ni yale yale kila siku na mzigo unaupata muda wowote. Sasa mwenye mashine hapa alizeti anaipata kwa wingi msimu wa mavuno, basi. Asiponunua na kuhifadhi wakati huo, baadaye mashine inalala na vijana wake wanarudi nyumbani. Shida yake ni mtaji na ghala: anunue kiasi gani kwa mkupuo, aweke wapi, pesa imlalie miezi mingapi? Kwenye desa letu swali hilo halimo.

Mtasema fomula ni msingi. Sawa, nakubali. Lakini msingi usiojengewa nyumba ni shimo tu.

Wadau, tusingoje basi la chuo. Jumamosi naenda mashineni na daftari langu. Nani anakuja? Nauli kila mtu ajitegemee, boom bado!